Wasomaji Wauliza: Programu Huru na Haki za Mtumiaji Barani Ulaya

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Ulaya au wanaofanya biashara na Ulaya, na karibu zote zinagusa jambo moja: ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya kifaa au programu ambayo mtu ameilipia. Kwa wale ambao mjadala huu ni mpya kwao, programu huru ni ile ambayo leseni yake inamruhusu kila mtumiaji kuiendesha kwa kazi yoyote, kuuchunguza msimbo wake, kugawa nakala zake, na kuirekebisha kisha kuyasambaza marekebisho hayo. Bei haimo katika ufafanuzi huo.

SWALI: Nimehamia nyumba mpya, na kampuni ya intaneti imeniletea ruta yake. Ninayo ruta yangu inayotumia OpenWrt, mfumo huru wa kuendeshea ruta, lakini fundi wa kampuni ameniambia kwamba mtandao wao haupokei kifaa kingine. Je, nikubali? (Msomaji, Bremen)

JIBU: Usikubali. Unaishi katika nchi ambayo suala hili limekwisha kuamuliwa kwa sheria. Kwa miaka mingi kampuni za Ujerumani zilidai kwamba ruta ni sehemu ya mtandao wao, kwa hiyo wao ndio wenye haki ya kuichagua, na baadhi yao zilikataa hata kumpa mteja jina na nywila za kuunganishia huduma. Free Software Foundation Europe, chama cha kutetea programu huru kilichoanzishwa mwaka 2001, kilikuwa miongoni mwa waliopinga mtazamo huo, na swali walilolishikilia lilikuwa la kiufundi: mtandao wa kampuni unaishia wapi? Ukiishia kwenye soketi ya ukutani, kila kinachochomekwa hapo ni mali na hiari ya mwenye nyumba. Ukiishia nyuma ya ruta, basi kampuni ndiyo inayoamua ni programu gani itakayopitisha mawasiliano yako yote, itasasishwa lini, na itaachwa na kasoro zake kwa muda gani. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2016 ilichagua soketi.

Iandikie kampuni barua, badala ya kuwapigia simu, ukiwataka wakupe taarifa za kuunganishia. Sheria inawalazimu kuzitoa bila kuombwa na bila malipo pale mkataba unapofungwa. Wakikaidi, peleka malalamiko kwa Bundesnetzagentur, ambayo ndiyo mdhibiti wa mitandao. Fahamu pia kwamba ukiweka kifaa chako mwenyewe, hitilafu zake utazibeba mwenyewe.

Wasomaji walio katika nchi nyingine wasiichukue sheria ya Ujerumani kuwa ni yao. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 kuhusu intaneti iliyo wazi inampa kila mtumiaji haki ya kutumia kifaa anachokichagua, lakini mahali pa kuchora mpaka wa mtandao pameachiwa wadhibiti wa kila nchi, na hapo ndipo haki iliyoandikwa vizuri Brussels inapoweza kupungua uzito kabla ya kufika nyumbani kwa mteja.

SWALI: Nasikia jiji la Munich, Ujerumani, lilihamia mfumo endeshi huru wa Linux, likashindwa, likarudi Windows. Je, huo si ushahidi kwamba ofisi za serikali haziwezi kuendeshwa kwa programu huru? (Mtumishi wa halmashauri, Arusha)

JIBU: Habari hiyo hutajwa mara nyingi kuliko inavyosomwa. Baraza la jiji la Munich liliamua kuhama mwaka 2003, baada ya Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, kwenda mwenyewe kumwona meya Christian Ude ili kumbembeleza abadilishe nia. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa, lakini ilipotangazwa kukamilika mwaka 2013, kompyuta zipatazo 15,000 za jiji zilikuwa zikitumia mfumo wao walioupa jina la LiMux. Huko si kushindwa. Uamuzi wa kurudi Windows ulipitishwa mwaka 2017 chini ya meya mwingine, Dieter Reiter, wakati watumishi wakilalamikia mambo mengi ya kompyuta, mengine ya Linux kweli na mengine yasiyohusiana nayo, yakiwamo mpangilio mbovu wa idara za TEHAMA na ugumu wa kubadilishana nyaraka na ofisi za nje zilizotumia miundo ya faili ya Microsoft. Ugumu huu wa mwisho ningeuhesabu kuwa ndio mzizi, kwa sababu ofisi moja inayohama peke yake hubaki ikilipa gharama ya mazoea ya ofisi nyingine zote zinazoizunguka.

Mwaka huohuo wa 2017 ndipo Free Software Foundation Europe ilipoanzisha kampeni ya «Public Money? Public Code!», yenye dai kwamba programu inayotengenezwa kwa fedha za walipa kodi itolewe kwa leseni huru, ili mji wa pili usilipie tena kilichokwisha kulipiwa na mji wa kwanza. Mwaka 2020 muungano mpya uliochukua uongozi wa Munich uliliingiza dai hilo katika makubaliano yake.

Ukitaka mfano wa kuiga, ningekuelekeza kwa jandarmeri ya Ufaransa, yaani polisi wake wa kijeshi. Hao walianza na programu za juu: mwaka 2005 waliwahamishia askari wao kwenye OpenOffice, programu huru ya kazi za ofisi, kisha kivinjari na barua pepe, wakaacha Windows chini yake. Mwaka 2008, walipoanza kuleta Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, askari aliyewasha kompyuta alikutana na programu zilezile alizokwisha kuzizoea. Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, linapita njia inayofanana na hiyo: mwaka 2024 lilitangaza kuzihamishia LibreOffice, programu iliyotokana na OpenOffice, kompyuta zake zipatazo 30,000, na suala la mfumo endeshi likapangwa kufuata.

SWALI: Vyama hivi vya kutetea programu huru vinaendeshwa kwa michango. Vinaweza kweli kuibana kampuni yenye mabilioni? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Kesi moja inatosha kujibu. Mwezi Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo ya lugha ambayo seva zake hutumia kuwasiliana na kompyuta za Windows. Waliohitaji maelezo hayo zaidi ya wengine wote walikuwa watengenezaji wa Samba, programu huru inayowezesha seva ya Linux kuhudumia ofisi ya Windows, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiyabaini kwa kuchunguza mawasiliano yanayopita kwenye waya. Microsoft ilikata rufaa. Kadiri kesi ilivyoendelea, kampuni kubwa zilizokuwa upande wa Tume, zikiwamo Sun, Novell na RealNetworks, zilipatana na Microsoft moja baada ya nyingine na kujitoa. Free Software Foundation Europe na Samba walibaki. Kwa maoni yangu walibaki kwa sababu fidia haikuwa na maana kwao: walichohitaji ni maelezo yenyewe, na tena kwa masharti ambayo programu huru ingeweza kuyatimiza.

Mahakama iliuthibitisha uamuzi wa Tume tarehe 17 Septemba 2007, na Desemba ya mwaka huo watu wa Samba wakapata maelezo kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu tangu amri ilipotolewa, na katika soko la kompyuta huo ni muda mrefu mno.

SWALI: Mimi ni mtayarishaji wa programu. Moja naigawa kwa leseni huru, nyingine nawauzia wateja wa Ulaya. Sheria yao mpya ya usalama wa mtandao inanihusu? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ile unayoigawa bila kufanya biashara haimo, na michango ya hiari isiyolenga faida haiibadilishi kuwa biashara. Ile unayoiuza imo, hata kama hujawahi kukanyaga Ulaya. Sheria hiyo, inayojulikana kama Cyber Resilience Act, ilianza kuwa na nguvu Desemba 2024. Kuanzia tarehe 11 Septemba 2026 muuzaji anapaswa kutoa taarifa ya awali ndani ya saa 24 tangu agundue kwamba udhaifu wa programu yake unatumiwa na wavamizi, na masharti mengine mengi yataanza tarehe 11 Desemba 2027. Rasimu ya kwanza iliwatia hofu watu wa programu huru, kwa sababu haikutenganisha vizuri anayejitolea na anayeuza. Hatimaye mzigo umewekwa kwa yule anayekipeleka kitu sokoni. Ukitumia katika bidhaa yako maktaba, yaani msimbo ulio tayari kutumiwa ndani ya programu nyingine, iliyoandikwa na mtu anayejitolea, wewe ndiwe unayetakiwa kuikagua.

SWALI: Nataka kununua simu hapa Antwerp niitumie kwa muda mrefu. Sheria za Ulaya zinanilinda? (Msomaji, Ubelgiji)

JIBU: Kwa kiasi. Modeli zilizoingizwa sokoni kuanzia tarehe 20 Juni 2025 zinapaswa kupewa masasisho ya mfumo endeshi kwa angalau miaka mitano, ikihesabiwa tangu simu ya mwisho ya modeli hiyo ilipoingizwa sokoni, na vipuri viendelee kupatikana. Kisichomo katika masharti hayo ni wajibu wa mtengenezaji kukuachia ufungue programu ndogo inayoiwasha simu, na pasipo hiyo huwezi kuweka mfumo mwingine siku masasisho yatakapokwisha. Kabla ya kulipa, tazama orodha ya simu zinazopokea LineageOS au /e/OS, ambayo ni mifumo endeshi huru ya simu. Usipoiona modeli unayoitaka, ihesabie miaka ya mtengenezaji peke yake.