Ukungu mweupe baada ya vanishi

Ndugu, unauliza kama ukungu mweupe uliotokea kwenye sanamu yako ndogo ya joka, baada ya kuipulizia vanishi ya kulinda rangi, ni rangi iliyoharibika. Hapana, kwa hiyo usilioshe hilo joka! Ni vanishi ya kupuliza iliyoshika unyevu wa hewani. Vanishi isiyong'aa ina unga laini sana wa kuua mng'ao. Ukipuliza hewa ikiwa nzito, au kopo halikutikiswa vya kutosha, unga huo hubaki juu ukionekana kama vumbi la chokaa. Rangi yako iko salama chini yake.

Paka vanishi ya maji inayong'aa, kwa brashi, tabaka moja jembamba. Mara nyingi weupe hutoweka hapohapo, maana vanishi hiyo hujaza vishimo vidogo vinavyotawanya mwanga. Acha ikauke usiku kucha, kisha rudisha mwonekano usiong'aa kwa vanishi isiyong'aa, nayo kwa brashi. Mimi niko Mombasa, na masika yaliwahi kunifanyia hivyohivyo kwa kikosi kizima cha sanamu za mifupa. Wote walipona isipokuwa mmoja niliyempulizia tabaka nene. Huyo ilibidi nimpake rangi upya.

Jaribu kwanza chini ya bawa, pasipoonekana. Na kwa kuwa mada ya sanamu zenu ni wafu waliofufuka, ukungu kidogo kwenye kitako, yaani kibao ambacho sanamu husimama juu yake, pale palipochorwa makaburi, ningeuacha kabisa. Unapendeza kuliko ukungu wa kuchora.

Siku nyingine pulizia hewa ikiwa kavu, kopo likiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye sanamu.