Barua kwa Rehema: Ndiyo, Baba Yako Alikubeba

Mwanangu Rehema,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa zamu ya usiku, nikaurudia nilipofika nyumbani. Nimeona nikujibu kwa maandishi ili haya niyasemayo uwe nayo hata simu ikiharibika.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli Baba yako, Mungu amrehemu, alikubeba mabegani usiku kule Disney, mvua ikinyesha, kasri likiwaka rangi na tembo akipita mbele yenu. Kaka yako Salim anasema hilo umeliota, maana ulikuwa na miaka minne tu na yeye hakumbuki kitu cha namna hiyo. La pili, kama kuna faida yoyote ya kuwapeleka Zuhura na mdogo wake mwaka huu, wakati mdogo ana miaka mitatu na huenda asikumbuke lolote.

Alikubeba. Shika hilo kwanza, mengine yafuate.

Kilichotokea ni kwamba umeunganisha siku mbili zikawa moja. Disney ya Florida ina bustani nne za michezo na burudani, kila moja na lango lake, na kutoka hii hadi ile unapanda basi au unaendesha gari. Kasri liko Magic Kingdom. Tembo wa kweli wako Animal Kingdom. Sisi tulikwenda hizo mbili tu, ndizo pesa zilizoruhusu. Kwa hiyo tembo hakuweza kupita mbele ya kasri. Lakini mvua ilikuwepo, tembo walikuwepo, na mabega ya Baba yako yalikuwepo. Ngoja nikuwekee kila kimoja mahali pake.

Ilikuwa Juni 2003. Tulikuwa tunakaa Clarkston, pembeni ya Atlanta, na Bibi yako alikuwa amekuja kutoka Pangani kutuona. Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri, tukashika barabara kuu ya I-75 moja kwa moja, Macon, Valdosta, mpaka Florida. Chakula tulibeba wenyewe: chapati, kachori, kuku, mayai ya kuchemsha. Kwanza hatukuwa na uhakika wa nyama halali kule, pili pesa zote zilikuwa zimekwenda kwenye tiketi. Disney hawamkatazi mtu kuingia na chakula chake, na ukiomba maji ya barafu kwenye vibanda vyao wanakupa bure. Kwa hiyo tulikula vizuri, tumekaa kivulini, Bibi akigawa.

Mvua ilikuwa ya mchana, si ya usiku. Majira yale Florida asubuhi ni jua kali, alasiri mawingu yanajaa, radi zinaanza, inamwaga mvua nzito, halafu inakatika. Radi zikianza, michezo ya nje yote husimamishwa. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeteremka kwenye Dumbo, yule tembo wa kupaa ambaye mtoto anashika kijiti mwenyewe, akapanda na kushuka anavyotaka. Ulikuwa unataka kurudia, na tembo wako amesimamishwa pale analowa. Ulimlilia. Uliniambia tumfunike. Nadhani huyo ndiye tembo uliyemwona mvuani, na miaka ilivyokwenda akageuka kuwa tembo wa kweli.

Watu walikuwa wananunua makoti ya plastiki yenye picha ya Mickey. Mimi nilikuwa na mifuko ya taka mkobani. Baba yako akaitoboa kwa funguo za gari, tundu la kichwa na matundu ya mikono, tukavaa sote, hata Bibi juu ya buibui lake. Alikupakata tukiwa tumejibanza chini ya ukumbi wa maduka ya Main Street, ile barabara inayotoka langoni hadi kwenye kasri, na hapo ndipo alipokuimbia. Umeniuliza kama aliimba. Aliimba, polepole, sikioni mwako, wimbo wa kubembelezea watoto aliokuwa anaimbiwa na Bibi. Na Bibi mwenyewe alikuwa amesimama ubavuni akiitikia.

Usiku mvua ilikuwa imekatika. Lami ilikuwa bado imelowa na taa za kasri zilionekana juu na chini. Bibi alikuwa amechoka, nikapanda naye na Salim kwenye baraza ya stesheni ya treni pale langoni, kuna mahali unaona barabara yote hadi kwenye kasri. Baba yako akasema ukiwa kule juu taa zitaonekana ndogo, akashuka nawe katikati ya watu. Ndiyo maana Salim hakumbuki: hakuwa nanyi, alikuwa nami. Mimi niliwaona kwa juu, fulana yako ya njano juu ya vichwa vya watu wote. Fataki ya kwanza ilipopasuka uliziba masikio kwa mikono yote miwili ukawa hujishiki popote, na Baba yako akakukamata vifundo vya miguu. Hakuachia mpaka mwisho. Mwisho wenyewe hukuuona, ulikuwa umelala na kidevu chako juu ya kichwa chake.

Kuna jambo jingine la siku ile ambalo ulikuwa mdogo mno kulielewa, nami nataka ulijue kwa sababu linamhusu Baba yako alivyokuwa. Unajua alikuwa mwashi, Pangani na Tanga kabla hatujaja Marekani, na Marekani pia alimwaga zege maisha yake yote. Lile kasri alilizunguka kama anayetaka kulinunua. Alimwonyesha Salim kwamba kadiri linavyopanda ndivyo madirisha na minara inavyopunguzwa ukubwa, ili jicho lidhani ni refu kuliko lilivyo. Urefu wake ni futi 189, chini ya zile futi 200 ambazo jengo likizizidi kwa kawaida hutakiwa kuwekewa taa ya kuonya ndege. Tofali halisi halimo, ni chuma, zege na faiba. Na chini ya miguu yetu, akatueleza, kulikuwa na njia za wafanyakazi ambazo hazikuchimbwa ardhini, maana Florida maji yako karibu sana. Walizijenga juu ya ardhi, wakazifunika kwa udongo uliotolewa kwenye ziwa walilolichimba mbele, kwa hiyo wageni wote tunatembea ghorofa ya pili bila kujua. Sijawahi kumwona akifurahi hivyo kwa kazi ya mtu mwingine.

Kuna picha ya Salim karibu na sanamu ya mzee aliyekaa kwenye benchi na Minnie Mouse. Mzee yule ni Roy, kaka mkubwa wa Walt Disney, yule mtengeneza katuni ambaye kampuni ina jina lake. Walt alifariki Desemba 1966, mahali pale hapajajengwa. Roy aliyekuwa anajiandaa kustaafu akaishika kazi, akaisimamia hadi ikafunguliwa Oktoba 1971, akaagiza iitwe kwa jina la mdogo wake, na Desemba ya mwaka uleule akafariki naye. Baba yako alimsimamisha Salim pale akamsimulia hayo yote, mkono wake begani kwake. Mwulize Salim. Hilo hajalisahau.

Siku iliyofuata tukaenda Animal Kingdom. Bustani hiyo ilifunguliwa Aprili 1998, na upande wa Afrika wamejenga mji mdogo wanaouita Harambe. Kiongozi wa wabunifu alikuwa Joe Rohde, na walisafiri hadi kwetu Afrika Mashariki kabla ya kuchora. Kuta zimefuata Lamu. Mapaa ya nyasi yaliezekwa na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini. Baba yako alisogea kwenye ukuta mmoja akaupitishia kiganja. Lipu imebanduka, mawe yanaonekana kwa ndani, chini kuna ule weusi wa unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Akanigeukia akasema, "Mama Salim, hawa wamejenga na uchakavu wake." Nyumba aliyozaliwa Pangani ilikuwa na ukuta wa hivyo hivyo, chokaa ilikuwa ikiwadondokea mkekani usiku. Alisimama pale muda, na mimi sikumharakisha.

Bibi aliswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja nyuma ya duka, juu ya kanga yake, kijana mmoja mfanyakazi alituonyesha kona yenye kivuli. Halafu tukapanga foleni ya lori la safari.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye yale mengine usiyokumbuka. Bibi yako alizaliwa Pangani na alizeekea Pangani. Saadani haiko mbali na pale, na tembo wa Saadani hufika mpaka ufukweni. Serengeti iko nchini mwake. Lakini mkulima wa minazi anapelekwa na nani kutazama wanyama? Watalii walikuwa wanavuka bahari kuja kuwaona, yeye alikuwa hajawahi kumwona hata mmoja zaidi ya nyani wa shambani. Tulipanda lile lori, halina madirisha, linaruka kwenye makorongo ya makusudi, wewe umepakatwa na Bibi. Twiga akakatiza barabara, dereva akazima injini tukasubiri. Bibi akawa anasoma dua kimoyomoyo, midomo inacheza. Mbele kidogo tembo jike alikuwa amesimama karibu, anachota vumbi kwa mkonga anajimwagia mgongoni. Bibi akashika mkono wa Baba yako. Akasema, "Mwanangu, umenileta huku kote kunionyesha vya kwetu?"

Na Baba yako akamjibu, "Nyumbani sikuwa na uwezo, mama."

Bibi akambusu kile kiganja alichokishika, mbele ya watu wote. Wewe ukakibusu nawe, kwa kuiga. Ninaiona mpaka leo. Aliporudi Pangani alimsimulia huyo tembo kila aliyepita barazani kwake, miaka yote iliyobaki. Na Baba yako, alipokuwa kitandani mwishoni, picha aliyoomba nimletee ilikuwa ile ya kwenye lori.

Kwa hiyo Salim asikusumbue. Najua hasemi kwa ubaya. Alinieleza kuhusu utafiti wa mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na wenzake, ule wa 2002: walionyesha watu tangazo la uongo lenye Bugs Bunny, yule sungura wa katuni, ndani ya Disneyland, bustani ya Disney kule California, na baadhi yao wakaja kusema wanakumbuka walivyokutana naye na kumpa mkono walipokuwa watoto. Haiwezekani, kwa sababu Bugs Bunny ni wa Warner Bros., kampuni nyingine kabisa, hawezi kuwa Disney. Utafiti ni wa kweli na ninauamini. Nafanya kazi na wazee waliopoteza kumbukumbu, naona kila zamu jinsi akili inavyoshona vipande. Lakini wale watu walipewa kitu ambacho hakikuwepo. Wewe vipande vyako vyote vilikuwepo, na mimi nilikuwa macho. Umekosea mshono tu.

Kuhusu watoto, wapeleke. Ni kweli watu wengi kumbukumbu zao za mwanzo kabisa ni za umri wa miaka mitatu au minne. Lakini watafiti wa New Zealand walikuta, mwaka 2000, kwamba Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliowahoji walikumbuka mambo ya mapema zaidi, kabla hata ya kutimiza miaka mitatu, na walihusisha jambo hilo na utamaduni wao wa kuthamini yaliyopita na kuyasimulia. Wewe ulisimuliwa. Kila Idi Baba yako alikuwa anakuuliza, "Ulishika wapi fataki zilipopasuka?" nawe unajibu, "Masikio!" Ulikuwa unajibu hivyo mpaka una miaka kumi. Basi fanya hivyo na huyo mdogo. Usiku mkirudi hotelini mwulize ameona nini, mwache aseme mwenyewe, asikatizwe hata akisema amemwona simba anaendesha treni. Kesho yake mwulize tena. Na mwakani.

Mengine ni ya kawaida tu. Walio chini ya miaka mitatu huingia bure, lakini wako ameshatimiza, kwa hiyo mlipie. Safari ya lori ifanyeni asubuhi mapema kabla ya joto, wanyama wanakuwa wanatembea. Space Mountain, ile treni ya kasi ya gizani, wanataka mtoto awe na sentimita 112, kwa hiyo mpime Zuhura nyumbani asije akalia langoni. Na mume wako akipanda na Zuhura, wewe baki na mdogo, halafu waambie wafanyakazi mnataka kubadilishana, nawe utapanda bila kuanza foleni upya.

Mimi nitakuja, umeniuliza kwa aibu kana kwamba nitakataa. Salim naye nimeshamwambia, amekubali kuendesha gari. Kachori nitazipika mimi, wewe lete kuku. Nipe tarehe kabla mwezi haujaisha, maana ratiba ya zamu zetu hupangwa mapema na likizo ya kiangazi kila mtu anaitaka.

Picha ya lori nimeiskani, nakutumia pamoja na barua hii. Mtoto aliyepakatwa, mwenye fulana ya njano, ni wewe.

Mama yako