Meza ya Idi kwa pasteli laini: dele, tende na haluwa

Meza ya kahawa ya Idi imekusanya kila kinachomsumbua mchoraji wa pasteli: dele la shaba linalong'aa (birika la kahawa), tende zenye makunyanzi, haluwa inayopitisha mwanga, na kanga yenye maua chini yake. Wengi hukimbilia maua na makunyanzi mapema, karatasi ikajaa unga, na chaki inapoanza kuteleza wanailaumu chaki. Pasteli laini ni unga wa rangi ulioshikwa kwa gundi kidogo sana. Hauna pa kushika isipokuwa kwenye mikwaruzo ya karatasi, na mikwaruzo ikijaa hakuna rangi mpya itakayokaa.

Kwa hiyo fikiria karatasi kwanza. Karatasi ya msasa ya pasteli, namba 400 hadi 600, inabeba tabaka nyingi. Ya 240, yenye chembe kubwa zaidi, inakula chaki na hairuhusu mstari mwembamba. Msasa wa seremala uache, huchakaa haraka. Karatasi ya kawaida ya pasteli, Canson Mi-Teintes ya gramu 160, nayo inafaa, ila tumia upande laini, maana ule mwingine una vishimo vitakavyojitokeza katikati ya kikombe chako, tena usitegemee zaidi ya tabaka tatu au nne. Ukubwa uanzie sentimita 30 kwa 40. Tende iliyo ndogo kuliko sentimita 3 kwenye karatasi huwezi kuichora makunyanzi kwa chaki nene kama kidole.

Washa taa moja tu, juu kushoto, na upige picha ya simu kabla hujaanza. Ukipumzika, funika sahani kwa kawa: nzi na sisimizi hawajali kama haluwa hiyo ni ya kuchorwa. Ubao uinamishe mbele kidogo ili unga uanguke chini badala ya kutambaa juu ya picha. Usiupulize kwa mdomo. Gonga ubao kwa nyuma, vaa barakoa, na sakafu uifute kwa kitambaa kibichi.

Chora mistari kwa penseli ya pasteli ya kahawia. Mkaa huchafua rangi za juu. Dele lipigie mstari wa katikati, wima, kisha pima kulia na kushoto. Geuza karatasi juu chini, na tumbo lililopinda litajionyesha lenyewe. Sasa tandaza tabaka la kwanza kwa chaki ngumu, sehemu za giza na za kati tu, ulilainishe kwa brashi kuukuu iliyochovywa katika alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi. Spiriti ya duka la dawa isome kibandiko kwanza, kwani aina nyingine zina mafuta ya nyonyo yanayobaki kwenye karatasi. Hapo unga umeshikamana na mikwaruzo bado iko wazi. Kwenye Mi-Teintes ruka hatua hii, itajikunja.

Kuanzia hapo nenda kutoka juu kwenda chini, giza kabla ya mwanga, chaki ngumu kabla ya laini. Laini ikitangulia, ngumu itaikwangua.

Dele huharibiwa na chaki ya njano. Shaba haina rangi moja. Inabeba za majirani zake. Tazama tumbo lake: wekundu wa kanga umepanda kwa chini, weusi wa tende umevutwa ukawa mrefu, na katikati kuna hudhurungi yenye ukijani. Njano ni ukanda mwembamba tu kando ya mng'ao. Mng'ao wenyewe ni limau iliyofifia, na nyeupe tupu ni nukta moja, unayoigonga mwisho na kuiacha bila kuigusa kwa kidole.

Haluwa ni kinyume cha shaba. Mwanga unaingia upande wa taa na kutokea upande wa pili, kwa hiyo rangi ya chungwa inayowaka iweke mbali na taa, na karibu na taa iwe nzito zaidi. Ukiitia kivuli kama jiwe, itaonekana jiwe. Tende nazo anza na zambarau iliyokolea, kahawia juu yake, kisha kila kunyanzi mstari wa giza ulioambatana na uzi wa kijivu-buluu. Fanya hivyo kwa tende mbili au tatu za mbele; zilizobaki ziwe maumbo tu. Kanga ipate mikunjo yake kwanza, ndipo maua yapinde kufuata mikunjo. Jina la kanga ni afadhali lifichwe kwenye mkunjo, maana herufi huvuta jicho kuliko dele.

Rangi zikigeuka tope, mara nyingi ni kidole kilichosugua mno. Kwangua kwa brashi kavu ya manyoya magumu, kisha bandika na kubandua ufutio laini. Chaki chafu zitikise ndani ya kopo la mchele mkavu.

Dawa ya kupuliza ya kushikisha rangi hufifisha sehemu za mwanga, hivyo itumie katikati ya kazi juu ya giza tu, kwa umbali wa sentimita 30. Fremu iwe ya kioo, kwa sababu plastiki huvuta unga kwa umeme wake, na kioo kikae milimita 5 mbali na picha. Kwa nyumba za pwani, tia vipakiti vya silika nyuma ya fremu na usiitundike ukutani penye unyevu, la sivyo ukungu utaanzia kwenye rangi za giza.