Maswali na majibu: mitaa na majengo ya Mtwara na Lindi

Kwa nini barabara za Mtwara mjini ni pana sana, ilhali Mikindani, iliyo jirani, ina vichochoro? (Msomaji, Ligula)

Mikindani ilikua tangu enzi za majahazi, kwa mahitaji ya watu waliotembea kwa miguu kati ya nyumba, msikiti na pwani. Mtwara ya leo ilichorwa kwanza kwenye ramani, mwishoni mwa miaka ya 1940, na Waingereza waliotazamia utajiri wa karanga. Waliichagua ghuba hii kwa kina chake, wakatandika reli kuelekea mashamba ya karanga ya Nachingwea na kupima viwanja vya mji mkubwa. Mpango wa karanga ulivunjika mwaka 1951, bandari ikakamilika mwaka 1954 bila shehena iliyokusudiwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa. Upana huo wa barabara ni sehemu ya historia yetu, na wanaosogeza vibanda ndani ya hifadhi ya barabara wanaifuta huku wakitunyima njia ya maji ya mvua.

Boma la Mikindani ni la Waarabu? (Msomaji, Magomeni)

La. Lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, na sasa ni hoteli. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Kuona tao au mlango wa nakshi na kumtaja Mwarabu papo hapo ni uvivu, maana unawasahau Waswahili na Wahindi walioishi, kufanya biashara na kujenga katika miji hii.

Je, Wajerumani walizika rupia chini ya magofu?

Acheni kuchimba. Kinachopatikana ni msingi uliolegea na ukuta utakaomwangukia mtoto.

Nyumba ya babu yetu Lindi inamomonyoka. Fundi anashauri tuipige plasta ya saruji. Tukubali?

Msikubali. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani, chumvi ikaula ukuta kimyakimya. Kwenye nyumba iliyokwisha kupigwa saruji, bandueni kipande cha plasta kilichovimba mtazame mgongo wake: mtakuta ungaunga wa chokaa na vipande vya jiwe vilivyong'oka nacho. Tafuteni fundi anayejua kuchoma na kulowesha chokaa, naye aanze na paa na ncha za boriti zilizoingia ukutani, kwa kuwa maji mengi huanzia huko. Boriti hizo za mikoko ndizo zilizopanga ufinyu wa vyumba vyenu, kwani chumba hakikuweza kuzidi urefu wa mti. Msibomoe kuta za kati kwa kutaka sebule pana. Na mlango wa nakshi msiuze kwa bei yoyote.

Kwani nyumba hizo hazilindwi na sheria?

Nyingi hazilindwi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye, pamoja na maduka ya ghorofa ya wafanyabiashara wa Kihindi, husubiri tangazo la Waziri. Mpaka huo umepitwa na wakati na unapaswa kurekebishwa. Kwa sasa, anayetaka jengo la mtaa wake litangazwe aiandikie halmashauri, aambatishe picha za kila upande na nakala ya hati, kabla mnunuzi wa kiwanja hajafika.