Kipupwe kilinidanganya: nyanya zilikuwa na kiu, mimi nazipulizia dawa

Juzi jioni nimepokea ujumbe wa dada mmoja kutoka Sikonge. Anauliza: "Dada, shikamoo. Jua siyo kali, asubuhi tunavaa masweta, na maji namwagia kila siku. Mbona chainizi imedumaa na nyanya zinaoza kitako?" Nimeusoma mara tatu. Ni kama nimeuandika mwenyewe, Julai ya mwaka jana.

Bustani yangu iko nyuma ya nyumba, Ipuli, hapa hapa Tabora mjini. Mvua zilipokata mwezi wa tano nilihamishia shambani miche 200 ya nyanya, pembeni nikaweka matuta ya chainizi na mchicha. Mama lishe wawili wa karibu na stendi walishaniahidi kuchukua nyanya zote. Habari za kupalilia na kusimika miti siwachoshi nazo, mnazijua.

Kipupwe kikaingia. Usiku wa Julai huku kwetu joto linashuka hadi karibu nyuzi 15, asubuhi unajifunga khanga mbili, halafu kuanzia saa nne unaanza upepo mkavu unaopasua midomo. Mimi niliuona ubaridi, upepo sikuuhesabu. Nikasema huu siyo Oktoba, mimea haina haja ya maji mengi. Kila jioni napita na keni ya kumwagilia, nanyunyiza mpaka udongo unakuwa mweusi, nageuka naenda kupika. Keni sita, bustani nzima.

Na majani hayakunyauka. Hapo ndipo nilipotegwa. Wakati wa joto mmea wenye kiu unalegea saa saba mchana, unauona. Kwenye ubaridi unajikaza tu: unaacha kukua, jani linakuwa gumu, chainizi inakuwa chungu mdomoni. Mwishoni mwa Julai nyanya zikaanza kuonyesha doa jeusi chini, upande wa mbali na kikonyo, limebonyea kama limekanyagwa na kidole gumba.

Nilibeba tatu kwenye mfuko nikaenda duka la pembejeo. Muuzaji hakuzipasua, hakuuliza namwagiliaje. Akanipa dawa ya ukungu. Nikapulizia. Nikarudi, akanipa nyingine. Nimepulizia mara tatu, hela ya daftari za watoto imeishia humo, na madoa yanaongezeka. Siku niliyopeleka ndoo ya kwanza, mama lishe alizigeuza moja moja, akaniambia taratibu, "Mdogo wangu, hizi siwezi kumkatia mteja kachumbari." Nilirudi nazo kichwani njia nzima. Mpaka leo nikipita pale natazama upande mwingine.

Aliyeniokoa ni mzee jirani, amelima bustani tangu mimi sijazaliwa. Alikuja asubuhi, akanisalimu, "Mwangaluka," akaomba panga. Akachimba katikati ya mashina mawili. Juu, udongo mweusi wenye unyevu, kina cha kucha tu. Chini yake kichanga cheupe, kikavu, kinamwagika kutoka kwenye panga kama unga. Mizizi ilikuwa imejikunja yote juu, kwenye ule utando mdogo wa maji. Akasema, "Mwanangu, umelowesha ulimi, koo limekauka."

Kumbe ule weusi wa kitako siyo ukungu. Tunda linahitaji kalsiamu, na kalsiamu inasafiri na maji. Maji yakikatika-katika, kitako ndicho kinachokosa kwanza. Dawa ya ukungu ingefanya nini pale?

Mwaka huu nimebadilika. Lita moja kwenye mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita moja. Kwa hiyo ile keni yangu iliyogawanywa matuta mawili ilikuwa manyunyu. Sasa eneo la hatua moja kwa hatua moja linapata ndoo nzima ya lita 20, nikiimwaga polepole shinani, kisha naliacha siku mbili au tatu. Huo ni udongo wangu wa kichanga; mwenye udongo mzito wa mbuga anaweza kukaa siku tano. Namwagia asubuhi, kwa sababu nyanya ikilala na majani mabichi kwenye ubaridi, hapo ukungu wa kweli unakaribishwa. Matuta ya mwinuko nimeyaacha kwa ajili ya masika, sasa natumia matuta mbonyeo, maji yanatulia ndani. Juu nimetandaza nyasi kavu na pumba za mpunga. Mchwa wa Tabora mnawajua, kwa hiyo matandazo nayaweka mbali kidogo na shina na kuyafunua kila nikimwagia.

Wiki iliyopita nimechuma matenga matatu, mchumo wa kwanza. Nilizigeuza vitako mwenyewe, moja moja, kabla ya kumwita mtu.

Ndugu zangu, tuache kumwagilia kwa macho. Rangi ya udongo juu haisemi kweli. Ingiza kidole, chimba, shika udongo wa kina cha kiganja, ufinyange: ukishikana, subiri, ukimwagika, mwagia. Na ukiona doa, usikimbilie dukani kabla hujachimba. Tunawapa watu hela zetu kwa ugonjwa ambao ungepona kwa ndoo na subira, kisha tunasema kilimo hakilipi. Mvua hazirudi mpaka Novemba, na Septemba na Oktoba bado hazijafika na moto wake. Mmea uliozoeshwa kunywa juu juu leo, mwezi wa kumi utaukuta umelala.

Dada wa Sikonge, kesho asubuhi kabla hujamwagia, chukua panga uchimbe kati ya mashina mawili. Piga picha ya shimo, siyo ya majani, unitumie.