Washindi wa vita hukubaliana vipi? Tuangalie Paris, 1919

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Vita vikubwa vikiisha, washindi hupangaje masharti ya amani? Aliyeshindwa naye husikilizwa? Na nani aliamua Tanganyika iende kwa Mwingereza? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Marahaba. Nitakujibu kwa mkutano wa amani wa Paris wa 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maana una yote uliyouliza, pamoja na jambo la huko huko kwenu Iringa.

Mkutano ulifunguliwa tarehe 18 Januari, Mjerumani hakualikwa. Mvutano wenyewe ulikuwa baina ya washindi. Kwanza walikaa watu kumi, wawili wawili kutoka Marekani, Uingereza, Ufaransa, Italia na Japani. Siri zikavuja, mambo hayasogei. Mwishoni mwa Machi wakabaki wanne faraghani: Wilson wa Marekani, Lloyd George wa Uingereza, Clemenceau wa Ufaransa na Orlando wa Italia. Aprili Orlando akasusa kwa sababu ya mji wa Fiume alioutaka uwe wa Italia, akapanda treni kurudi Roma. Wenzake wala hawakusimamisha kazi. Mei akarudi, na Fiume hakuipata.

Ndani ya chumba kile ilikuwa nipe nikupe. Clemenceau alitaka Rhineland, eneo la Ujerumani lililo upande wa Ufaransa, litengwe na Ujerumani. Wenzake wakakataa, ila wakamtuliza kwa mambo mawili: majeshi yao yangekaa huko hadi miaka 15, na Marekani na Uingereza zingeilinda Ufaransa ikivamiwa tena. Baadaye Seneti ya Marekani haikuidhinisha ahadi hiyo, na ya Uingereza, iliyofungamanishwa nayo, ikafa pamoja nayo. Clemenceau alikuwa ameshalipa bei, mzigo hakuuona. Kuhusu fidia ya vita ambayo Ujerumani ingelipa, walishindwa kukubaliana kiasi, wakaandika mkataba bila jumla. Marki za dhahabu bilioni 132 zilikuja kutajwa 1921.

Wajerumani waliitwa tarehe 7 Mei kukabidhiwa rasimu. Kujadiliana ana kwa ana hakukuruhusiwa. Walipewa siku 15 wajibu kwa maandishi. Walichoambulia ni kidogo, kama kura ya wananchi kule Upper Silesia, jimbo lililogombaniwa na Poland. Kisha wakaambiwa: tieni saini, la sivyo majeshi yanaingia. Wakatia saini Versailles tarehe 28 Juni. Kwa hiyo alisikilizwa, lakini kwa barua.

Sasa Tanganyika. Kwenye makoloni, aliyekuwa na askari ardhini ndiye aliyekuwa na hoja. Tarehe hiyo hiyo ya 7 Mei wakubwa waliigawia Uingereza Afrika Mashariki ya Kijerumani yote, yaani Tanganyika pamoja na Ruanda na Urundi. Ubelgiji ikaja juu: askari wake kutoka Kongo ndio walioiteka Tabora mwaka 1916, na walikuwa bado wameishika Ruanda na Urundi. Basi Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakakaa pembeni, na kabla Mei haijaisha walikuwa wamekwisha kugawana: Ruanda na Urundi kwa Mbelgiji, Tanganyika kwa Mwingereza. Ureno nayo ikapata Kionga, kipande kidogo kusini mwa mdomo wa Ruvuma. Hakuna Mhehe, Msukuma wala Mrundi aliyeulizwa. Mgawo huo ukaitwa dhamana chini ya Shirikisho la Mataifa (lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo), jina la adabu kuliko koloni.

Na la Iringa ni hili. Fungua kifungu cha 246 cha mkataba wa Versailles. Kinaitaka Ujerumani irudishe Msahafu wa Khalifa Uthman uliochukuliwa Madina. Halafu, papo hapo, ikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililokuwa limepelekwa Ujerumani. Pendekezo lilitoka kwa Byatt, mtawala wa Kiingereza huku, aliyeona lingewaonyesha Wahehe kwamba Mjerumani amekwisha. Katikati ya mahesabu ya meli, makaa ya mawe na mipaka ya Ulaya, kichwa cha mtu wa Kalenga! Muda uliowekwa ni miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, Januari 1920. Fuvu lilifika Kalenga Juni 1954, likiletwa na Gavana Twining.