Mtoto wa Miaka Minne Anapiga Wenzake: Je, Yataisha Yenyewe?

SWALI: Kwako Mhariri, mwanangu wa kiume ana miaka minne na anasoma chekechea hapa Moshi. Mimi nauza ndizi katika soko la Mbuyuni, kwa hiyo akitoka shule hukaa na bibi yake mpaka jioni. Alipokuwa na miaka miwili alikuwa akiuma na kurusha vitu, nasi tulicheka tukasema ni utundu wa watoto wa kiume. Sasa mwalimu wake ananiita kila mara kwa sababu anawapiga wenzake, na akikatazwa jambo hujigaragaza chini. Baba yake anasema samaki mkunje angali mbichi, achapwe. Bibi yake anasema aachwe, atakua. Nani yuko sahihi? Na je, mtoto wa namna hii ndiye anayeishia kuwa mhalifu?
Mama wa Mbuyuni, Moshi

JIBU: Mama, naanza na swali lako la mwisho, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Walio wengi kati ya watoto wanaouma na kupiga wakiwa wadogo hawawi wahalifu. Tafiti zilizofuatilia watoto wale wale kwa miaka mingi, zikiwemo za Richard Tremblay kule Quebec, Kanada, zimeonyesha kwamba kupiga na kusukuma hufikia kilele katika umri wa miaka miwili hadi mitatu hivi, kisha hupungua kadiri mtoto anavyopata maneno ya kusema anachotaka na kujifunza kungoja zamu yake. Kwa hiyo bibi ana sehemu yake ya ukweli: kuuma akiwa na miaka miwili hakukuwa ugonjwa.

Hata hivyo, wako ambao hawapungui. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia hadi utu uzima zaidi ya watoto 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Mwaka 1993 Terrie Moffitt, mmoja wa watafiti hao, alieleza kwamba wapo vijana wanaoanza ukorofi wakibalehe na kuuacha baadaye, na lipo kundi dogo linaloanza utotoni na kuendelea nao. Baba akisikia hayo anaweza kukimbilia fimbo, lakini utafiti huo huo ulibaini pia kwamba, hata miongoni mwa walioanza mapema, walioacha njiani walikuwa wengi kuliko walioendelea.

Basi ni nini kinachomfanya mmoja aache na mwingine aendelee? Baadhi ya watoto huzaliwa wepesi wa hasira au wagumu wa kutulia, wengine huchelewa kuongea, na wengine hulelewa katika nyumba yenye ugomvi au na mama aliyelemewa na sonona bila msaada. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotosha peke yake. Linaloyaunganisha, na ambalo lipo mikononi mwetu, ni mazoea ya kila siku kati ya mtoto na wakubwa wake, ambayo Gerald Patterson aliyachunguza kwa miaka mingi huko Oregon, Marekani.

Chukua mfano wa dukani. Mtoto anaomba biskuti, unamkatalia. Analia, unamfokea. Anapandisha sauti, nawe unapandisha yako. Anajitupa chini, wateja wanageuka kutazama, na wewe kwa aibu unanunua biskuti ili yaishe. Yanaisha kweli, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mtoto amejifunza kwamba kujitupa chini kunalipa, na wewe umejifunza kwamba kukubali kunaleta utulivu. Kesho ataanzia pale alipoishia jana. Akifika shuleni anawajaribia wenzake njia hiyo hiyo, wanamkwepa, anabaki kucheza na wakorofi wenzake au peke yake, na mwalimu anaanza kumtazama kwa jicho baya hata siku ambayo hakukosea.

Kwa hiyo simpi ushindi baba wala bibi. Methali aliyoitaja baba haikusema lolote kuhusu fimbo, na tafiti zinaonyesha kwamba watoto wanaochapwa mara kwa mara huelekea kuzidisha ukali. Kumwachia kila kitu nako kunamfundisha lile somo la dukani. Tena lililo baya zaidi ni baba kuchapa jioni kosa ambalo bibi aliliruhusu mchana. Kaeni watatu mkubaliane kanuni mbili au tatu tu, mwambieni kwa maneno machache, na mkishakataa jambo msirudi nyuma. Anapongoja zamu yake au kurudisha kitu cha mwenzake, msifuni papo hapo kwa kutaja alichofanya. Siku za mwanzo atalia zaidi, jambo ambalo ni la kawaida, msikate tamaa.

Mtaalamu hasemi kwamba ni tatizo la kitabibu kwa kusikia tukio moja. Kwa ukaidi na hasira za mtoto aliye chini ya miaka mitano, huangalia kama hali hiyo hutokea siku nyingi za wiki kwa muda wa miezi 6 au zaidi, na kama inamkwamisha nyumbani au shuleni. Maelezo yako yanakaribia hapo, hivyo nakushauri uanzie kituo cha afya kilicho karibu nawe na uombe rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC hapo Moshi. Usishangae wakianza na ninyi wazazi badala ya kumpa mtoto dawa, kwani katika umri huu kuwafundisha wazazi namna ya kumwongoza mtoto ndiyo tiba inayotangulia.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la awali, Arusha. Nina mtoto anayewapiga wenzake darasani, lakini wazazi wake wanaapa kwamba nyumbani ni mpole. Je, wananidanganya?
Mwalimu, Sakina

JIBU: Si lazima, mwalimu. Nyumbani huenda wako watu wachache na sauti ni chache; darasani kuna kelele, na asiyesikia vizuri hushindwa kufuata mchezo, kisha hutumia mikono. Kwa wiki mbili andika saa anapopiga, kilichotangulia na kilichofuata. Ukiona anageuza sikio moja unapomwita, au sikio linatoa usaha, waombe wazazi wampeleke kupimwa masikio kabla hujawaandikia barua nyingine ya malalamiko.